Kupaka Rangi Upya Gitaa la Umeme la Zamani: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Nyumbani

Usiing'oe rangi ya zamani mpaka ujue ni ya aina gani. Magitaa mengi huharibikia hapo, kabla rangi mpya haijafunguliwa: mtu anachukua msasa mkali, anakwangua siku tatu, anafika kwenye mti ukiwa umejaa mabonde, na kingo zilizokuwa na mviringo mzuri zimekuwa bapa. Kazi yote iliyobaki inakuwa ya kuziba makosa ya siku hizo tatu.

Mwongozo huu unafuata gitaa la muundo wa Stratocaster ya kampuni ya Fender, liwe la asili au nakala, ambalo shingo yake imefungwa kwa skrubu nne. Ndilo gitaa linalopatikana kwa wingi, na ndilo rahisi kulifungua. Lenye shingo iliyogundishwa, kama Les Paul ya Gibson, hupitia hatua zilezile, ila shingo nzima lazima ifunikwe kwa tepu na karatasi.

Pima rangi iliyopo

Chovya pamba kwenye asetoni, ile inayouzwa kwa ajili ya kuondolea rangi ya kucha, kisha uiweke mahali pasipoonekana: chini ya pikigadi (bamba la plastiki la mbele) au ndani ya mfuko wa shingo, yaani shimo ambamo shingo hukaa. Hesabu mpaka thelathini. Rangi ikilainika na pamba ikanata, hiyo ni nitroselulosi au akriliki. Ikibaki ngumu kama sahani, ni poliesta au poliyurethani, na hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye nakala nyingi.

Ikiwa gitaa ni Fender au Gibson halisi la miaka ya 1950 au 1960 na rangi yake ni ya kiwandani, simama hapo. Hata ikiwa imechubuka, rangi hiyo ni sehemu kubwa ya thamani ya gitaa. Ukiipaka upya bei hushuka vibaya, mara nyingi karibu nusu, na hakuna namna ya kuirudisha. Lisafishe, badilisha nyuzi, lipige lilivyo.

Kwa magitaa mengine yote, ganda gumu la poliesta ni msingi bora kuliko praima (rangi ya kwanza ya msingi) yoyote utakayonunua. Halinywi rangi, halivimbi, na limekwisha kukauka miaka mingi iliyopita. Kama limeshika vizuri na halibanduki, liache. Litie mikwaruzo, ziba mashimo, paka juu yake. Sababu ya kufika kwenye mti ni mbili tu: ganda linabanduka lenyewe kwa mapande, au unataka mishipa ya mti ionekane.

Vitu vya kununua

Rangi ya magari ndiyo ya kutafuta, na hilo si jambo la kubahatisha. Fender yenyewe, katika miaka ya 1950 na 1960, ilinunua rangi za magari za DuPont: Duco ya nitroselulosi na Lucite ya akriliki. Duka la rangi za magari mjini kwako lina kila kitu unachohitaji.

Kwa bodi moja, yaani kiwiliwili cha gitaa, nunua makopo ya kupuliza ya mililita 400: praima kopo 1, rangi makopo 2, klia (ile ya juu, inayoonyesha kama kioo) makopo 2 au 3. Uso wa bodi nzima, mbele, nyuma na ubavuni, ni kama theluthi moja ya mita ya mraba, hivyo kopo moja hutoa matabaka manne hivi. Yote yawe ya akriliki, na ikiwezekana ya kampuni moja. Rangi ya mafuta, ile ya milango na mageti, iache dukani: hubaki laini kwa wiki nyingi, na ukipuliza klia ya akriliki juu yake, tina (kiyeyushi) iliyomo huila na uso wote hukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa.

Chukua pia msasa namba 180, 320, 400 na 800, karatasi mbili kila namba, na msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000. Puti ya magari kikopo kidogo pamoja na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha. Tepu ya karatasi. Kompaundi ya kung'arishia, moja ya kukata na moja laini. Kinyago kiwe kile chenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kidogo tu, mvuke wa tina hupita moja kwa moja.

Kufungua gitaa

Piga picha kila hatua, hasa nyaya. Chukua trei ya mayai, andika kila shimo ni la skrubu zipi: daraja (chuma kinachobeba nyuzi kwenye bodi), pikigadi, shingo, vifungo vya mkanda. Skrubu za pikigadi na za daraja zinafanana kwa macho lakini urefu wake si mmoja, na skrubu ndefu kwenye tundu fupi hupasua mti.

Legeza nyuzi zote kidogo kidogo kabla ya kuzikata. Toa shingo. Ukikuta kipande cha karatasi au kadi ndani ya mfuko wa shingo, kihifadhi: kiliwekwa makusudi kurekebisha pembe ya shingo, na bila hicho nyuzi hazitakaa kwenye kimo chake.

Pikapu zote tatu (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), swichi na vifundo vya sauti vimefungwa kwenye pikigadi, kwa hiyo vyote hutoka kwa pamoja. Kinachovishikilia kwenye bodi ni nyaya tatu: mbili zinazokwenda kwenye tundu la kebo, na moja ya ardhi iliyochomelewa kwenye bamba linaloshika springi nyuma. Zitoe kwa pasi ya risasi, ile ya mafundi redio. Magitaa mengine yana waya wa nne unaokwenda kwenye bati au rangi nyeusi ya ndani ya shimo, nao utoe.

Kwenye miji ya pwani skrubu nyingi utazikuta zimeliwa na chumvi. Usizilazimishe. Weka ncha ya pasi ya risasi juu ya kichwa cha skrubu kwa nusu dakika. Chuma hutanuka, mti ulioizunguka hukauka na kuachia, na skrubu iliyokuwa haitaki hutoka kwa mkono mmoja.

Mpini wa kushikia

Kata kipande cha mbao urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 5 hivi, kiingie ndani ya mfuko wa shingo, na ukifunge kwa skrubu mbili kupitia matundu yaleyale ya shingo. Toboa tundu mwisho wake upitishe waya wa kuning'inizia. Sasa unaweza kuigeuza bodi, kuipuliza pande zote na kuitundika bila kuigusa.

Mfuko wenyewe uzibe kwa tepu, sakafu na kuta zake, kabla ya kufunga mpini. Rangi ikijaa mle, shingo haitaingia sawasawa; ukiilazimisha, ufa unatokea kwenye kona ya mfuko siku hiyohiyo. Ziba pia mashimo ya pikapu kwa karatasi, na kila tundu la skrubu kwa njiti ya meno iliyokatwa ikabaki milimita mbili nje.

Kuandaa uso

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanapoharakisha.

Osha bodi kwa maji kidogo yenye sabuni ya vyombo, ikaushe, kisha ipanguse kwa dawa ya kuondolea grisi inayouzwa dukani kulekule. Fanya hivyo kabla ya msasa. Gitaa la zamani limepakwa polishi za fanicha kwa miaka, na nyingi zina silikoni. Ukianza na msasa, unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo, na itarudi kukusumbua wakati wa kupuliza.

Tafuta sehemu zinazobanduka. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila chubuko: ganda likiinuka, endelea kulikwangua mpaka mahali linaposhika kwa nguvu. Kisha kwa msasa 180 lainisha ukingo huo mpaka kidole kisisikie ngazi kati ya ganda na mti. Macho hayatoshi hapa. Fumba macho, pitisha kidole polepole. Kinachosikika kwa kidole kitaonekana mara kumi zaidi chini ya klia inayong'aa.

Mashimo yaliyobaki yazibe kwa puti. Hadina ni kama sehemu 2 kwa kila sehemu 100 za puti: kwa donge la ukubwa wa limau, hadina ya ukubwa wa haragwe inatosha. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mchanganyiko huo utaganda ndani ya dakika chache, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Ukizidisha hadina, puti hutoboka matundu madogo, na nyingine hutoa doa la rangi linalopenya mpaka juu. Jaza hadi ipande kidogo juu ya uso, subiri igande kabisa, isugue kwa 180 kisha 320.

Msasa wa maeneo bapa uuzungushie kipande cha mbao au raba ngumu. Vidole vitupu huchimba mifereji isiyoonekana mpaka siku ya kung'arisha. Kwenye mapindo, pale mkono unapolala na pale tumbo linapogusa, tumia sifongo. Malizia bodi nzima kwa 320 mpaka isiwe na sehemu hata moja inayong'aa. Panapong'aa ni pale ambapo rangi mpya haitashika.

Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Sugua nje, vaa kinyago, lowesha vumbi, na watoto wasicheze hapo mpaka umeosha.

Ukitaka kufika kwenye mti

Ganda la poliesta halitoki kwa dawa nyingi za kuondolea rangi. Linatoka kwa joto. Tumia mashine ya hewa moto, ishike sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye uso, isogeze bila kusimama, na ganda likianza kulainika ingiza kisu bapa cha puti chini yake. Likipata joto sawasawa huinuka kwa mapande makubwa kama ganda la yai la kuchemsha. Ukisimama mahali pamoja, mti unaungua, na doa hilo la kahawia huenda ndani kuliko msasa unavyoweza kufika. Moshi wake ni sumu: fanya nje, upepo ukikupiga mgongoni.

Ujue pia kwamba chini ya rangi ya nakala nyingi kuna mbao za vipande vinne au vitano vilivyounganishwa, au plaiwudi. Rangi iliwekwa kuvificha. Kama ndivyo, panga kupaka rangi nzito. Kama mti ni mzuri na wenye vinyweleo vikubwa, mfano mahogani au ash, lazima uvijaze kwa fila ya mbao na sila za maseremala kabla ya klia, la sivyo vitazama na kuonekana kama vishimo miezi miwili baadaye.

Praima

Chagua siku. Lakka, yaani rangi zinazokauka kwa tina kuyeyukia hewani kama hizi za akriliki, ikipulizwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi hunasa maji na kugeuka nyeupe kama ukungu. Pwani, masika ya Machi hadi Mei ni wakati mbaya. Nairobi, baridi ya Julai huchelewesha kukauka. Lubumbashi, miezi ya kiangazi ni mizuri, ila vumbi la udongo mwekundu liko kila mahali. Saa nzuri ni asubuhi baada ya umande kukauka, kati ya saa tatu na saa sita. Jioni acha: wadudu hufuata taa, na mbu mmoja kwenye klia mbichi ni kazi ya siku mbili.

Mwagia maji sakafuni ili vumbi lisiinuke. Hakikisha hakuna jiko la mkaa wala la gesi linalowaka karibu. Tikisa kopo dakika mbili kamili baada ya kusikia gololi ikianza kucheza ndani. Kopo likiwa baridi, liweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi. Moto wala maji ya kuchemka visiguse kopo.

Puliza kutoka sentimita 25. Anza kubonyeza kabla ya kufika kwenye bodi na uachie baada ya kuipita, kwa mwendo ulionyooka. Mkono ukizunguka kama feni, katikati rangi itajaa na pembeni itakauka hewani. Kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Anza na ubavu, kisha nyuma, kisha mbele. Matabaka matatu, dakika 15 baina ya moja na jingine.

Baada ya siku moja, chukua rangi yoyote nyeusi na unyunyize ukungu mwepesi juu ya praima yote, madoa tu. Sugua kwa msasa 400 uliozungushiwa mbao. Weusi unatoka kwenye vilima na kubaki kwenye mabonde. Kila doa jeusi linalobaki ni shimo. Jaza, puliza praima tena hapo, rudia. Weusi ukitoka wote kwa pamoja, uso umenyooka. Hatua hii inachukua nusu saa, na ndiyo inayotofautisha kazi ya fundi na kazi ya kubahatisha.

Rangi na klia

Rangi nzito huhitaji matabaka matatu au manne mepesi. La kwanza liache lionyeshe praima. Ukitaka kufunika yote mara moja, rangi hutoa machozi ubavuni. Kingo hupokea rangi kidogo kuliko sehemu bapa, kwa hiyo zipulize kwanza kila raundi. Ukipata chembe ya vumbi kwenye rangi isiyo na chengachenga, subiri ikauke uiguse taratibu kwa 800. Rangi ya metaliki usiisugue kamwe: utakata chenga zake na kuacha kiraka.

Klia ianze siku hiyohiyo au ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Tabaka la kwanza liwe kavukavu, la pili lenye majimaji kiasi cha kung'aa. Puliza matabaka matatu kwa siku, saa moja baina yake, siku mbili mfululizo. Unahitaji unene huo kwa sababu sehemu ya klia utaiondoa mwenyewe kwa msasa.

Klia ya magari yenye hadina ni ngumu na inadumu zaidi, lakini mvuke wake una isosayaneti, ambayo huharibu mapafu, na kinyago cha kawaida hakitoshi. Usiipulize nyumbani. Ukiitaka, maliza rangi mwenyewe kisha peleka bodi kwenye gereji ya rangi za magari, waipulize siku wanayopulizia gari. Mililita 300 zilizochanganywa zinatosha, na mafundi wengi hubakiwa na kiasi hicho kwenye kikombe.

Dosari na sababu zake

Vishimo vya mviringo vinavyofanana na macho ya samaki ni silikoni au mafuta. Kuongeza rangi juu yake hakusaidii. Acha ikauke, sugua mpaka chini, pangusa kwa dawa ya grisi, anza tena kwa ukungu mkavu.

Uso kama ganda la chungwa umetokana na kupuliza kwa mbali au kwenye jua kali: matone yalikauka kabla hayajaungana. Kwenye klia si tatizo, msasa wa maji utaunyoosha.

Machozi usiyafute yakiwa mabichi. Yaache wiki nzima, kisha yakwangue kwa wembe ulioushika wima, ncha zake mbili zikiwa zimefungwa tepu ili zisichimbe pembeni.

Ukungu mweupe mara nyingi huondoka wenyewe siku kavu ikija. Usipoondoka, tabaka jepesi la klia kwenye hewa kavu huulainisha na kuachia unyevu.

Kusubiri, kisha kung'arisha

Tundika bodi kwenye chumba chenye hewa kwa wiki tatu. Akriliki hukauka juu ndani ya saa moja, lakini chini bado ina tina. Kipimo ni pua: inusie karibu kabisa, harufu ya tina ikiwepo, bado. Ukisugua mapema, uso utanyooka leo, kisha utazama tina ikimalizika, na kila mkwaruzo wa puti utajitokeza.

Loweka msasa wa 1000 kwenye maji yenye tone la sabuni kwa robo saa. Sugua kwa mistari iliyonyooka ukitumia raba, ukipangusa mara kwa mara. Mwanzoni utaona vidoa vinavyong'aa katikati ya uso mfifu. Hayo ni mabonde. Vikiisha, simama. Kingo ziguse kwa 2000 pekee, mara mbili tatu, kwa sababu hapo klia ni nyembamba na kupenya mpaka rangi huchukua sekunde chache. Maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu: mti huvimba na klia hupasuka kuzunguka tundu. Njiti za meno ulizoziacha ndizo kinga.

Endelea na 1500, kisha 2000, ukibadili mwelekeo wa mistari kila namba ili uone kama mikwaruzo ya mwanzo imekwisha. Malizia kwa kompaundi ya kukata, kisha laini, kwa fulana ya pamba iliyooshwa.

Kurudisha vifaa

Toa njiti. Kwa ncha ya kisu kata rangi kuzunguka kila tundu, ili skrubu ikiingia isiibandue. Tundu lililolegea lijaze njiti mbili zilizopakwa gundi ya mbao, ukate, uache usiku mmoja. Sugulia skrubu kwenye mche wa sabuni au mshumaa. Kabla ya kukaza, izungushe kinyume mpaka usikie inadondoka kidogo, kama mlango unaoingia kwenye kitasa: imepata njia yake ya zamani. Hapo ndipo uikaze.

Chomelea nyaya kwa kufuata picha, na usisahau ya ardhi. Pima kwa mita ya umeme: chuma cha daraja na sehemu ya nje ya tundu la kebo lazima viwasiliane, la sivyo gitaa litavuma, na kushika nyuzi hakutalituliza. Skrubu za shingo zikaze kwa kupishana pembe kwa pembe.

Kwa miezi michache ya kwanza, usilisimamishe kwenye stendi yenye raba au povu, wala usiliache ndani ya begi kwenye gari lililoanikwa juani. Raba hutoa kemikali zinazolainisha klia changa na kuacha alama ambayo kompaundi haiondoi. Funika mikono ya stendi kwa kitambaa cha pamba, ulitundike gitaa humo.